Upande wa Nyuma wa Kadi

Furaha na wenzako wawili mnaobaki kwenye karakana, mliniomba niandike nilivyofanya kazi hii ya vitako vya bunduki hapa Mesquite. Sitaandika nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayamsaidii mtu anayeshika patasi. Nitaandika jinsi nilivyoingia, nani alinifundisha, na kwa nini kadi tunazofunga kwenye bunduki za wateja zina maandishi mbele na nyuma. Furaha, wewe uliwahi kuniuliza, "Papa Sanga, hii ya nyuma tunaandikaka ya nini? Mbele haitoshi?" Siku hiyo nilikujibu kwamba ndiyo sheria ya karakana. Lilikuwa jibu la mtu mvivu. Jibu lenyewe ni hili.

Nilijifunza useremala Mafinga, kwenye misitu ya misonobari, ambako mtoto hujua harufu ya mbao mbichi kabla hajajua kusoma. Nilitengeneza viti vya kanisa, madirisha, na majeneza mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilipofika Dallas katikati ya miaka ya tisini, useremala wangu haukuwa na mnunuzi. Nilipata kazi kwenye ghala moja hapa hapa Mesquite, kuparaza na kupigilia mbao za kubebea mizigo. Mbao zile zilikuwa mbaya kiasi kwamba nilizionea haya, hivyo wakati wa mapumziko nikawa nachukua kipande kizuri ninachokiokota na kukichonga mwiko. Wamarekani wa pale walidhani ni makasia ya watoto.

Siku moja alikuja mzee mmoja mrefu, amevaa ovaroli, kununua makasha. Akauona mwiko. Aliugeuza mara tatu, akapitisha kidole gumba ndani ya mkunjo, halafu akauliza nilitumia mashine gani. Nikamwonyesha kisu. Jina lake lilikuwa Dale, naye alikuwa na karakana ya bunduki umbali wa dakika kumi kwa gari. Hakuniuliza nimewahi kushika bunduki au la. Aliniuliza kama naweza kufika Jumatatu saa moja asubuhi.

Kwa faida ya yeyote atakayesoma bila kuijua kazi yetu, nieleze kidogo. Texas ina wanaume wengi, na wanawake wachache, ambao burudani yao ni kuchukua bunduki kuukuu ya jeshi, nzito na isiyo na sura, wakaigeuza kuwa bunduki ya kuwindia swala. Huifanya kazi hiyo nyumbani, kwenye gereji, jioni na siku za mapumziko. Hukata kitako cha zamani au kununua kipya kilichochongwa nusu, wakakisugua, wakafunga darubini, wakabadilisha hiki na kile. Wengi hufika mahali wakakwama. Hapo ndipo huja kwetu, na bunduki imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa.

Mimi nilikuwa mtu wa mbao. Dale alikuwa mtu wa chuma. Tuligawana bunduki kama wachinjaji wawili wanavyogawana ng'ombe, na kwa miaka mingi sikuvuka mpaka.

Siku ya kwanza hakunipa kazi. Alinipa kitako cha mti wa jozi kilichopasuka, tupa mbili, patasi tano na jiwe la kunolea, akasema nisiguse chochote hadi patasi zote tano ziweze kunyoa nywele za mkono wangu. Ilichukua siku mbili. Jumatano nilikuwa na mkono mmoja laini kama wa mtoto. Dale aliutazama, akasema, "Sasa tunaweza kuzungumza."

Kisha akanionyesha kadi. Kila mteja alipoleta bunduki, Dale alimpa kadi ngumu ya rangi ya maziwa na kalamu, akamwambia aandike kwa mkono wake kila kitu alichokigusa tangu aanze kuibadilisha. Juu ya kadi palipigwa chapa neno moja la Kiingereza lenye maana ya "nilichogusa". Mteja angeweza kuwa daktari wa meno au dereva wa lori, aliandika. Kama hakutaka kuandika, Dale alimfungulia mlango kwa adabu. Kadi ilifungwa kwa uzi kwenye bunduki na haikutoka mpaka kazi iishe. Baada ya hapo ilikaa kwenye droo. Nasi mafundi tuliandika chini ya maneno ya mteja kile tulichogusa sisi.

Kazi yangu ya kwanza ngumu nilijitengenezea mwenyewe. Mzee mmoja wa Houston, mstaafu wa bandarini, alituletea bunduki ya jeshi aliyokuwa akiibadilisha nyumbani kwake, akaomba nimalizie kitako. Ulikuwa mti mzuri, wenye mistari kama moshi. Mimi, kama seremala yeyote aliyefundishwa vizuri, nilikuwa najua kwamba heshima ya fundi iko kwenye kiungo kinachobana. Kule Mafinga, mwalimu wetu alikuwa anapitisha unywele kwenye kiungo; ukipita, unavunja na kuanza upya. Basi nililaza mtutu ndani ya ule mti kwa namna ambayo hata unywele usingepita. Nilichukua siku tatu. Dale alikuwa na kazi zake za chuma, alitazama kwa mbali akaona inang'aa, akaipeleka.

Baada ya miezi miwili mzee wa Houston alipiga simu. Bunduki ilipiga sawasawa siku ya kwanza, sasa inapiga kushoto na juu, na kila wiki inazidi. Dale alitoa kadi, akasoma nilichoandika: nimekata kwenye shingo ya kitako, nimesugua mara nne, nimepaka mafuta ya kitani mara saba. Akaniuliza, "Hapa kwenye mtutu ulifanya nini?"

"Niliubana vizuri."

"Mbona hukuandika?"

Nikafikiri. "Kwa sababu hakuna tatizo pale. Pale ndipo nilipofanya vizuri zaidi."

Jumamosi aliniweka kwenye pikapu yake tukaenda Houston, mwendo wa saa nne na ushee, yeye akiendesha na kula karanga. Gereji ya yule mzee ilikuwa karibu na maji. Nilipoingia tu, shati liliganda mgongoni. Dale alishika mkono wangu akauweka kwenye mlango wa mbao wa kabati. Ulikuwa umevimba kiasi kwamba haufungi. "Dallas ni kukavu," akasema. "Hapa miti inakunywa."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Mti wangu ulikuwa umekunywa, na kwa kuwa sikuuachia nafasi, ulikuwa unausukuma mtutu. Kiti kinachobana ni kiti imara. Bunduki inayobana ni bunduki inayodanganya. Nilikaa kwenye gereji ile mchana kutwa nikipanua njia ya mtutu hadi kipande cha karatasi kikapita kati ya chuma na mti bila kukwama. Karatasi yenyewe ilikuwa tangazo la ibada la kanisa letu, ndilo pekee lililokuwa mfukoni. Tangu siku hiyo nilitumia matangazo ya kanisa kupimia, na mchungaji akadhani nayapenda sana.

Tukirudi, Dale alisema jambo ambalo nimelirudia kwenu mara nyingi bila kuwaambia limetoka wapi. Alisema watu huacha kuandika vitu viwili kwenye kadi: wanachokionea aibu na wanachojivunia. Nilidhani hapo somo limekwisha.

Sasa nije kwa Kimutai.

Kimutai alikuwa Mkenya, muuguzi kwenye hospitali moja ya Fort Worth, akiishi Mansfield na mkewe Jerono, naye muuguzi, na binti zao wawili wadogo, mkubwa akiitwa Chebet. Tulisali kanisa moja. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili alinunua bunduki kuukuu ya jeshi kwenye maonyesho, akaanza kuibadilisha kwenye gereji. Alikuwa na mikono mizuri. Anayeweza kupata mshipa wa mtoto mchanga anaweza kushika tupa. Kila Jumapili baada ya ibada alinivuta pembeni kunieleza amefika wapi, na mimi nilimjibu kama mtu anayeulizwa kazi siku ya mapumziko, yaani kwa ufupi, lakini nilisikiliza. Alifanya kwa miezi minane.

Kilichomsukuma kilikuwa kimoja. Wanaume wanne wa idara yake walikuwa na shamba la kuwindia walilokodi huko magharibi, na kila msimu walikwenda pamoja. Kimutai alikuwa amewabadilishia zamu miaka minne mfululizo ili waende. Mwaka ule wakamwambia, "Njoo na wewe." Alitaka kwenda na bunduki aliyoitengeneza mwenyewe. Hakutaka kuazima.

Jerono hakuipenda habari ile. Jumapili moja mwezi Oktoba alinijia nikiwa namwaga chai kwenye kikombe, akasimama mbele yangu na pochi mikononi.

"Baba Sanga, mimi sijui bunduki. Nimeona kazini zinafanya nini, hiyo inatosha. Hiyo kitu inalala kwa gereji yangu, na watoto wanapita hapo wakienda kuchukua baiskeli."

"Ameifungia?"

"Iko kwa kabati, ina kufuli. Lakini si kufuli naogopa. Ni yeye ameifungua-fungua. Wewe ndiye fundi. Ukiniambia iko salama, nitanyamaza. Ukiniambia haiko, itarudi ilikotoka."

"Ataileta karakana. Nitakwambia."

"Neno lako tu, Baba Sanga."

Kimutai aliileta Jumatano ya wiki ya kwanza ya Novemba, siku chache kabla msimu haujafunguliwa. Dale hakuwepo, binti yake aliyeko Houston alikuwa amejifungua, naye alikuwa amekwenda kumwona mjukuu. Nilimpa Kimutai kadi. Aliandika kwa mwandiko wa wauguzi, wa kusomeka na ulionyooka: amekata kitako, amesugua, amepaka rangi ya chuma, amefunga vishikilio vya darubini, amefunga triga mpya ya katalogi, yaani kifyatulio, badala ya ile ya jeshi.

"Hiyo triga uliifunga tu?" nikamuuliza.

"Niliifunga tu, fundi. Ilikuja kwa boksi yake, na maagizo yake."

Kazi aliyotaka kwangu ilikuwa ndogo. Mti ulikuwa unagusa mtutu upande mmoja. Niliitoa bunduki kwenye kitako ili nipanue njia, na hapo ndipo nilipoiona triga ikiwa uchi. Nieleze vizuri nilichoona, kwa sababu ndicho kisa chote. Watengenezaji wa triga za aina ile huzifunga skrubu zake kwa tone la rangi nyekundu, ngumu kama kucha, ili mtu asizizungushe. Matone yalikuwa mawili. Moja lilikuwa zima. La pili lilikuwa na ufa mwembamba katikati, na kichwa cha skrubu kilikuwa na mkwaruzo mpya.

Niliona. Kichwani nikasema: hicho ni chuma, na chuma ni cha Dale. Nikasema pia: mtu huyu namjua, na ameshaniambia aliifunga tu. Nikapitisha tangazo la kanisa kati ya mti na mtutu, likapita, nikairudisha bunduki kwenye kitako. Kwenye kadi nikaandika: nimepanua njia ya mtutu, nimepaka mafuta. Yote yalikuwa kweli.

Ilikuwepo pia desturi ya nyundo. Kila bunduki kabla ya kutoka, ikiwa tupu, Dale aliitega na kugonga kitako chake kwa nyundo ya mpira mara tano, ili aone kama itafyatuka yenyewe. Siku ile nyundo ilikuwa ukutani mahali pake. Sikuishusha. Kimutai alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari, zamu yake inaanza saa tisa, na mimi ni mtu wa mbao.

Jumatano ile jioni Jerono alinipigia simu. "Baba Sanga, umeiona?"

"Nimeiona."

"Iko salama?"

"Iko salama, Mama Chebet."

Akashukuru, akamsalimia mke wangu, akakata.

Alhamisi nilifanya kazi vizuri. Ijumaa asubuhi mteja mwingine alileta bunduki yenye triga ya aina ile ile, mpya, kwenye boksi lake. Matone mawili mekundu, yote mazima, yanang'aa kama macho ya njiwa. Niliyatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakuna mtu anayefunga triga tu na kupasua tone. Tone hupasuka mtu akizungusha.

Nilimpigia Kimutai, simu haikupokelewa. Nikapiga tena. Nikampigia Jerono, naye alikuwa zamu. Nilijua kwamba Kimutai na wenzake wanaondoka Ijumaa ile mchana, na kwamba kule shambani simu hazishiki. Nilifunga karakana saa sita, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya kazi, nikachukua nyundo ya mpira ukutani na kushika barabara ya Mansfield. Ni mwendo wa karibu saa moja kama watu wana akili. Ijumaa mchana watu hawana.

Nilipofika, Kimutai alikuwa anapakia kisanduku cha barafu kwenye pikapu mbele ya gereji. Begi la bunduki lilikuwa limelala kwenye kiti cha nyuma. Jerono alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka zamu, bado na sare, anatoa mifuko ya mboga kwenye gari lake.

"Fundi Sanga!" Kimutai akacheka. "Umekuja kuniaga ama unataka lift?"

"Nimekuja kuiona bunduki tena."

"Si uliiona Wednesday?"

"Niliiona. Ndiyo shida yenyewe."

Alitazama saa. "Wale jamaa wananingoja saa nane kwa gas station. Wakiniacha, sijui njia."

"Dakika tano."

Alinitazama mkononi. "Na hiyo nyundo?"

"Ni ya mpira."

Akaitoa begini akinung'unika. Nilifungua komeo, nikatazama ndani, nikaingiza kidole, nikamwambia naye atazame na aingize kidole. Hapakuwa na risasi. Nikamwambia Jerono aje atazame pia, akaja na mfuko wa nyanya bado mkononi. Kisha nikaifunga, nikaitega, nikaielekeza kwenye udongo wa bustani, nikagonga kitako. Kimya. Nikagonga mara ya pili. Kimya.

"Sasa wewe," Kimutai akasema, "umetoka Mesquite na hii traffic, kuja kutandika bunduki yangu matako? Imekosa nini?"

Nikagonga mara ya tatu. Ikalia: tik. Sauti ndogo, kama ya kalamu inayobonyezwa.

Jerono akauliza, "Huo ni mlio wa nini?"

Nilijibu mimi. "Ni mlio wa risasi ambayo haimo."

Aliweka mfuko wa nyanya chini, polepole, kama unaweza kuvunjika. Nikaitega tena na kumpa Kimutai nyundo. Aligonga mwenyewe, si kwa nguvu, kama mtu anayempima mgonjwa goti. Tik.

"Nili-adjust kidogo tu," akasema mwishowe. "Ilikuwa ngumu. Kila mtu kwa magazeti anasema yake ni laini. Nilizungusha, nikaona haitoshi, nikafungua nikaisugua ndani. Kidogo tu, fundi."

"Kadi yako haisemi."

"Ningeandika, mzee Dale angekataa kuigusa."

"Angekataa."

"Basi unaona." Halafu akanitazama vizuri. "Na wewe ulijuaje?"

Hapo ndipo ningeweza kusema nimebahatisha. Nilikuwa na sekunde kama mbili. "Rangi ya skrubu ilikuwa imepasuka. Niliiona Jumatano."

Jerono alinigeukia. Hakupandisha sauti, wauguzi wazuri hawapandishi. "Jumatano uliniambia iko salama."

"Nilikwambia."

"Ulikuwa unaongea juu ya nini?"

"Nilikuwa naongea juu ya mbao, Mama Chebet."

"Mimi sikukuuliza mbao."

Alichukua nyanya zake akaingia ndani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa.

Kimutai alikwenda shambani. Bunduki aliniachia mimi. Alifikiri kukaa nyumbani, nikamwambia miaka minne ya zamu haitupwi kwa ajili ya skrubu. Alisimulia baadaye kwamba alikaa kambini siku mbili, akawapikia wenzake chapati na chai ya maziwa kwenye moto wa kuni, na kwamba walipoulizwa mwaka uliofuata ni nani wa kualikwa, jina lake lilitajwa la kwanza. Walimwuliza bunduki yake iko wapi. Aliwaambia ukweli, akasema ilikuwa ngumu kuliko kumweleza daktari kosa la dawa.

Jumatatu Dale alirudi na picha za mjukuu. Aliniona nimekaa karibu na bunduki ya Kimutai bila kufanya kazi, akaweka picha chini. Nilimweleza yote kwa mpangilio. Kimutai alifika saa nne, kama tulivyokubaliana. Dale alimpa kadi yake ile ile na kalamu, naye akaandika mstari mmoja chini ya mwandiko wake wa kwanza. Triga ikatolewa na kutupwa. Dale akaweka nyingine, akaigonga mara ishirini badala ya tano, na hakusema neno la kumwaibisha mtu. Alimwambia tu kwamba kitako kimechongwa vizuri, na ilikuwa kweli.

Kimutai alipotoka, Dale alinisogezea kadi tupu.

"Andika."

"Niandike nini? Sikuigusa triga."

"Najua hukuigusa. Igeuze."

Nikaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Nikaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kinanipa nafasi ya kujificha: Niliona tone la rangi lina ufa. Niliona mkwaruzo mpya. Niliona nyundo iko ukutani. Dale aliniomba nimsomee, nikamfasiria. Akasikiliza mpaka mwisho, akaichukua, akaitia kwenye droo pamoja na ya Kimutai.

Mwezi uliofuata kadi mpya zilikuja kutoka kwa mpiga chapa. Mbele palikuwa pale pale. Nyuma paliongezwa neno la pili, "nilichoona", na hapo huandika fundi peke yake. Si lazima iwe kasoro. Si lazima uwe na hakika. Si lazima iwe sehemu yako ya kazi. Hasa kama si sehemu yako ya kazi.

Jerono aliendelea kunisalimia kanisani na kuulizia familia yangu. Lakini meza ya jikoni kwake ilipolegea mguu, alimwita fundi mwingine, na kwa haki. Msimu wa pili Kimutai alipoleta bunduki kukaguliwa, alikuja naye. Aliomba kadi, akaisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma, ambako nilikuwa nimeandika kwamba skrubu moja ya darubini inahitaji kuangaliwa na Dale, na chini yake Dale ameandika kwamba ameiangalia. Akanirudishia. "Sawa," akasema. Alifanya hivyo kila mwaka. Hakuniuliza tena kwa mdomo.

Miaka iliyofuata kazi zilikuwa nyingi na sina haja ya kuzihesabu. Mlikuja ninyi. Furaha ulikuja kutoka kiwandani ukiwa hujawahi kushika msasa, na baada ya mwaka ulikuwa unapaka mafuta vizuri kuliko mimi, jambo nililoliandika mahali kisha nikalificha. Dale akaacha chuma kwa binti yake mwingine na kubaki kuja asubuhi kunywa kahawa na kukosoa.

Mwezi uliopita mlinikuta nachonga kitako cha daktari mmoja wa Fort Worth, kile cha mti wenye mistari myekundu. Mlijua kwamba nakwenda polepole. Furaha, wewe ulisema, "Papa, leo mti ni mgumu?" Nikakwambia ndiyo, ni mgumu. Haukuwa mgumu. Niliendelea mpaka saa kumi, nikapitisha karatasi, ikapita. Mteja asingeona chochote. Nikajaza kadi upande wa mbele, nikafunga uzi.

Kisha nikaufungua uzi na kuigeuza kadi. Nikaandika: Nimeona mkono wangu wa kulia unatetemeka ninaposhika patasi ndogo. Nimeona kwa wiki tatu. Patasi imeteleza mara mbili karibu na shingo, nimefukia kwa msasa.

Nikaiweka mezani kwako, Furaha, kwa sababu zamu ya kukagua ilikuwa yako. Uliisoma umesimama. Hukusema pole, na nilikushukuru kwa hilo. Uliichukua bunduki, ukaipeleka dirishani penye mwanga, ukatazama shingo kwa muda, halafu ukachukua kalamu na kuandika chini ya maneno yangu: Nimeona. Nitaichonga upya.

Kadi hiyo iko kwenye droo. Patasi zangu tano nimeziacha kwenye meza, upande wa kulia. Zinanyoa.